Mwanangu, ile miraba usiiache mitupu

Mombasa, mwezi wa Juni

Mwanangu Twalib,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima. Masika yameisha yakatuachia kuta za ukungu, na nyanyako magoti yanamsumbua, lakini anakula na anafoka kama kawaida yake, basi usiwe na wasiwasi.

Ile picha ya matokeo ya mtihani wako wa Kikorea uliyonitumia Ijumaa kutoka huko Korea niliipata. Uliituma bila neno, ukazima simu siku mbili. Nilipokupata ukasema, "Mama, nimefeli," kisha ukasingizia mtandao mbovu, ukakata. Ndipo nikaamua kukuandikia barua. Barua haikatiki.

Kwanza tuzisome zile alama pamoja, maana naona wewe ulitazama mstari wa mwisho tu. Kusikiliza 46. Kusoma 54. Kuandika 12. Jumla 112 kati ya 300. Kiwango cha 3, kile ambacho bila yake huu ufadhili wako haukuingizi darasa la shahada, kinaanzia 120. Umekosa alama nane. Nimefundisha Kiswahili miaka 26, na insha nilizosahihisha ndizo zilizonivalisha miwani hii. Aliyekosa alama nane si mtu asiyejua. Kuna mahali ameziacha, nami nimekwenda kuzitafuta.

Nilimtuma mtoto wa jirani saibani anichapishie karatasi ya miaka ya nyuma ya TOPIK II, huo mtihani wako wa Kikorea, kwa kuwa wenyewe huziweka mtandaoni bure. Shilingi kumi kila ukurasa, nikalipa huku nikiguna. Kisha nikalitoa lile daftari lako la jalada la buluu ulilolisahau chini ya godoro. Nikuambie siri: tangu ulipoondoka nimekuwa nikijifunza herufi zao humo. Mfalme wao Sejong alizibuni mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, na wazee wao walisema mwerevu huzijua kabla asubuhi haijaisha, na mjinga kwa siku kumi. Mimi zilinichukua siku kumi na nne. Usimwambie mtu.

Basi nimekaa na ile karatasi. Sielewi maana, lakini mtihani naujua ukoje. Kusikiliza maswali 50 kwa dakika 60, kuandika maswali manne, la 51 hadi la 54, kwa dakika 50, mapumziko, halafu kusoma maswali 50 kwa dakika 70. Kila sehemu alama 100, na kinachohesabiwa ni jumla. Hakuna sehemu yenye kiwango chake cha kufaulu. Nikakupigia tena kukuuliza jambo moja tu: swali la 54, lile la insha, uliandika nini? Ukanyamaza. Halafu ukasema hukuandika kitu, kwa sababu mwalimu wako mmoja aliwaambia hilo ni la watu wa kiwango cha 5 na cha 6, nyinyi msipoteze muda.

Mwanangu, mimi simtukani mwalimu wa mtu. Lakini hesabu yake siikubali. Swali la 51 lina alama 10, la 52 alama 10, la 53 alama 30, la 54 alama 50. Umeacha nusu ya karatasi ya kuandika mezani kama mtu aliyesahau chenji yake dukani. Ulihitaji nane katika hizo 50. Wasahihishaji hutazama yaliyomo, mpangilio na lugha, na aya moja yenye makosa lakini inayojibu kilichoulizwa ina kitu cha kupewa. Ukurasa mtupu hata mimi mamako nisingeupa alama, na unajua nilivyokuwa mwepesi wa kuhurumia.

Na zile dakika 50 zilikwenda wapi? Umeniambia mwenyewe: nusu saa nzima ilikwisha kwenye 51 na 52. Uliandika, ukavuta ule utepe mweupe wa kufutia, ukaandika juu yake, ukavuta tena mpaka karatasi ikafanya kigaga. Nilikuona kabisa nilipokuwa nasikiliza. Ndivyo ulivyokuwa darasa la tatu na kifutio chako, unatoboa daftari kwa kuogopa kosa moja. Sasa wamekupa kalamu nyeusi ya ncha mbili, nene ya kujazia vidoti na nyembamba ya kuandikia, na wino hauna huruma, basi ile hofu imekua nawe.

Mtihani wa Julai fanya hivi. Hayo mawili ya mwanzo ni ya kujaza pengo, yape dakika nane, lililokushinda liache na kosa lake. La 53 lipe dakika kumi na tano. Zilizobaki zote ni za 54.

Hilo la 53 nililipenda. Wanakupa chati na takwimu, uzigeuze kuwa maelezo ya herufi 200 hadi 300. Hapo hawataki ufundi wako, wanataka usome chati bila kuongeza chumvi. Unajua nilivyokuwa nikichukia wanafunzi wanaokariri vipande, wale wa "jua lilikuwa la utosi" hata insha ikiwa ni kumbukumbu za mkutano. Hapa nakupa ruhusa, kariri. Mwanzo wa "matokeo ya uchunguzi yaonyesha", vitenzi vya kuongezeka na kupungua, *jeunggahada* na *gamsohada*, na ile namna yao ya kusema "imedhihirika kuwa". Vipande sita au saba hivi, uvijue kama Alhamdu. Chati zitabadilika, vipande havitabadilika.

La 54 linataka herufi 600 hadi 700 kwenye ile karatasi ya miraba, *wongoji*. Niliitazama sana. Silabi moja mraba mmoja, nafasi kati ya maneno nayo inakula mraba wake, nukta pia ina wake, na aya ikianza unaacha mraba mmoja wazi. Nikajaribu kwa Kiswahili: ki-ta-bu, miraba mitatu, ikakaa sawasawa kana kwamba ilichorewa sisi. Usiogope wingi wake. Swali lenyewe linakupa vidokezo vya kujibu, mara nyingi vitatu, kwa hiyo insha imeshagawanyika kabla hujashika kalamu. Kidokezo kimoja, aya moja. Ila usiyanakili maneno ya swali kama yalivyo, wameandika wazi kwamba hawataki.

Na mwisho wa sentensi, Twalib! Katika daftari lako kila sentensi inaishia na *-yo*, yale mazungumzo yako ya sokoni na bwenini. Insha yao inaishia na *-da*, kavu, ya vitabuni. Kumwandikia msahihishaji *-yo* kwenye swali la 54 ni sawa na kuanza insha ya KCSE kwa "sasa sikiza, bwana". La 51, kwa kuwa huwa ni tangazo au ujumbe wa mtu kwa mtu, ndilo linaloomba adabu ya *-mnida*. Utaona mwenyewe ukiisoma sentensi inayotangulia pengo. Hili mtoto wa Kimombasa asishindwe nalo. Umelelewa huwezi kumpita mzee barazani bila shikamoo, na hukuwahi kumsemesha nyanyako unavyowasemesha wenzako wa mpirani. Wao heshima wameifunga hata kwenye kitenzi. Mtoto analala, *jada*. Nyanya analala, *jumusida*.

Kusikiliza nako nina neno, na hapa nitakwenda polepole kwa sababu ndipo uliponishangaza. Ulilalamika kwamba *dal*, *ttal* na *tal* unazisikia zote moja, kwamba mwezi na binti na kinyago kwako ni neno moja. Mwanangu, umezaliwa Mji wa Kale! Sema kama nyanyako anavyosema, kaa la moto, halafu useme kaa wa baharini. Weka kiganja mbele ya mdomo wako. Kaa la moto halina upepo, kaa wa baharini anakupulizia. Paa la nyumba na paa wa mwituni vilevile. Watu wa bara wanatucheka wakidhani tunajitia, lakini sikio lako limekuwa likitenganisha sauti hizo tangu hujaota meno. *Tal* ya kinyago ndiyo yenye pumzi, ni kaa wako wa baharini. *Dal* ya mwezi, hapo mwanzoni mwa neno, ina kaupepo kadogo na sauti inashuka chini. Ile *ttal* ya binti, ya kubana koo bila pumzi, ndiyo ya kufanyia kazi. Basi ni moja tu iliyokubakia, si tatu.

Kisha ukaniambia kisa cha saa, nikacheka mpaka chai ikanimwagikia. Kwenye zoezi umesikia *se si*, saa tatu ya mchana wao, kichwa kikakuambia "hiyo ni saa tisa", ukatia alama kwenye tisa. Hesabu zao zenyewe ni mbili, saa kwa hesabu ya kienyeji na dakika kwa hesabu ya Kichina, nawe umewaongezea ya tatu ya kwetu. Lakini hebu fikiri. Nyinyi mko mbele yetu kwa saa sita. Wao wakisema saa tatu alasiri, mimi hapa nimekaa uani nachambua mchele na ni saa tatu asubuhi. Saa yao kwa maneno na saa yangu kwa Kiswahili ni moja! Kwa hiyo ukisikia *se si*, usitafsiri kitu. Jiulize tu, kwa Mama saa ngapi? Saa tatu. Tia alama, songa mbele. Na usonge mbele kweli, maana maswali 20 ya kwanza husomwa mara moja tu. Kuanzia la 21 ndipo wanaporudia mara mbili. Ukibaki unalilia la 9, la 10 limeshapita. Lililokushinda, bahatisha, kosa halipunguzi alama.

Nakujua, utaniambia wale akina mama wa soko la samaki la Jagalchi unawaelewa vizuri kuliko sauti ya mtihani. Nafurahi wamekuzoea na wanakuongezea samaki. Lakini Kikorea chao ni cha Busan, na mtihani unasema cha Seoul. Sisi tunalijua hilo jeraha. Wakoloni walikutana hapahapa Mombasa mwaka 1928 wakaamua Kiswahili sanifu kiwe cha Unguja, ndiyo maana nyumbani unasema "ndia" na "kitwa", na darasani nilikukata alama kwa kuyaandika. Ulijifunza kuishi na ndimi mbili hukufa. Jioni nenda sokoni kwa raha zako, lakini asubuhi sikiliza taarifa ya habari.

Msamiati nao usiukariri mmojammoja kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Umenifundisha mwenyewe kwamba *hak* ni elimu: *haksaeng* mwanafunzi, *hakgyo* shule, *daehak* chuo kikuu. Haya, na sisi: kitabu, katibu, maktaba, mkataba. Waarabu walitupa mzizi mmoja tukavuna maneno kapu zima. Wao waliwavunia Wachina hivyohivyo. Ukikutana na neno geni kwenye kusoma, usitazame lote, tafuta kipande unachokijua ndani yake. Sehemu ya kusoma unaiweza, sina la zaidi.

Mambo madogo. Pasipoti au kitambulisho chako cha ukaazi, kiweke mkobani usiku, si asubuhi. Mlango wanafunga saa sita na dakika ishirini mchana, na karatasi inaanza saa saba, kwa hiyo ule kabla, wali na yai, usile kile kitu chako chekundu kinachokuchoma tumbo. Mwezi huo na kwenu ni wa mvua, toka mapema. Simu watakuomba uizime uwape, wape.

Sasa sikiliza ninalotaka kwako. Kuanzia Jumapili hii mpaka mtihani, kila Jumapili uniandikie jibu moja la swali la 54, kwa wino, kwa saa uliyoitega, kwenye karatasi ya miraba, bila ule utepe mweupe. Ulipige picha, unitumie. Sitaweza kukusahihishia sarufi, tafuta mwenzako wa bwenini akusaidie. Mimi nitahesabu miraba. Mraba mtupu hauhitaji kujua Kikorea.

Nyanyako anauliza kama huko kuna nazi. Nimemwambia iko ya kopo, amesonya.

Siku ya mtihani mkianza itakuwa saa moja asubuhi hapa kwetu. Nitakuwa jikoni nakaanga mahamri, na redio nitaizima.

Akupendaye,
Mamako