Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: tunaomba saa moja na chumba

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Mwezi wa pili mwaka huu tulifiwa na mzee aliyefanya usafi katika jengo la sayansi kwa miaka 26. Alikuwa Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa hapa hapa North Carolina. Taarifa ya kifo chake ilitumwa kwa barua pepe Jumanne mchana. Wenzake wa zamu ya usiku hawakai mbele ya kompyuta. Walizipata habari siku ya 19 baada ya kifo, tena kwa mlinzi wa maegesho, na mzee alikuwa ameshazikwa.

Mimi natoka Tanga. Kwetu mfanyakazi mwenzako akifa, kitu cha kwanza kinachotoka ni daftari la michango. Ofisi inatafuta gari, watu wanakwenda kukaa msibani, wengine wanalala huko huko mkekani. Hata yule mliyekuwa hamsalimiani unakwenda kumzika. Huyu mzee ndiye aliyenipokea na kunifundisha kazi, na mimi siku anazikwa nilikuwa ofisini nahakiki mishahara, sina habari.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Zamu ya usiku siku hizi ina watu wengi kutoka Goma, Bukavu na Uvira, waliopita kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nakivale kabla ya kufika hapa. Wapo na Wakenya, tupo na sisi Watanzania. Nimetaka wao waisome barua hii kabla yako. Tafsiri ya Kiingereza nimeiacha kwa katibu wako.

Nilipiga deki usiku kwa miaka minne, na sasa niko ofisi ya mishahara, mchana. Nimeishi pande zote mbili, kwa hiyo nisemalo nimeliona: wafanyakazi Weusi wa chuo hiki hawajuani. Profesa anafika asubuhi anakuta ndoo ya taka imemwagwa, wala hajui kwamba aliyeimwaga alikuwa akifundisha kemia sekondari kule Bukavu. Wakati huo mwalimu huyo yumo ndani ya basi, anarudi kulala. Wanatumia chumba kimoja miaka nenda rudi, na hawajawahi kupeana mkono.

Na sisi kwa sisi hatukuwa wazuri. Waafrika tulifika hapa na maneno tuliyoyasikia juu ya Wamarekani Weusi, nao walikuwa na yao juu yetu. Kwenye chumba cha mapumziko kila kundi lilikaa na meza yake. Aliyeuvunja ukuta huo ni yule mzee. Usiku mmoja alikuja na mfuko wa karanga za kuchemsha, akauweka mezani kwetu, akavuta kiti. Nikamwambia hizi kwetu zinauzwa stendi ya mabasi. Hakuamini. Alidhani ni chakula cha bibi yake tu na watu wa Kusini mwa Marekani. Tulizila mpaka zikaisha, na tangu usiku ule meza zile ziliunganishwa.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za watu waliotutangulia katika vyuo vya jimbo hili. Alinieleza juu ya Oliver Harvey, mfanya usafi wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye mwaka 1965 aliwakusanya wenzake wakaunda chama cha kufaana, chama kilichokuja kuwa tawi la chama cha wafanyakazi. Alinieleza juu ya Mary Smith na Elizabeth Brooks, viongozi wa wafanyakazi Weusi wa bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, waliogoma mwaka 1969. Walipoacha kuhudumia bwalo la chuo hawakukaa bure. Walifungua sehemu yao ya chakula ndani ya Manning Hall, wanafunzi wakaenda kula huko. Mimi msikilizaji wake nilishika hasa hilo la chakula. Watu wale walikuwa wanajuana kwanza, wamelishana, wamezikana. Ndipo wakaweza kusimama pamoja.

Chuo chetu kina umoja wa wafanyakazi Weusi, na waliouanzisha ni watu wenye nia njema, wengine ni rafiki zangu. Lakini unakutana Jumatano saa sita mchana. Saa sita mchana mtu wa zamu ya usiku yuko katikati ya usingizi wake. Matangazo yanakwenda kwa barua pepe, na chumba kinafunguliwa kwa kadi ambayo mfanya usafi wa jengo jingine hana. Hakuna aliyekaa akapanga kuwafungia watu nje. Imetokea hivyo kwa sababu hakuna wa usiku aliyekuwepo wakati wa kupanga.

Najua utanikumbusha Mei 2024, bodi inayosimamia vyuo vikuu vya umma vya jimbo letu ilipofuta sera ya 2019 ya ujumuishi, yaani ya kuwapa nafasi watu wa kila asili. Tangu hapo umoja wetu umepoteza hata zile pesa ndogo za chai, na wakuu wa idara wanaogopa kusaini karatasi yoyote yenye neno Weusi. Najua pia sheria ya 1959 inayozuia taasisi za umma za jimbo hili kuingia mkataba wa pamoja na vyama vya wafanyakazi. Ninachoomba hakigusi hata kimoja kati ya hivyo. Mlango uwe wazi kwa kila mfanyakazi anayetaka kuingia.

Tupe saa moja kwa mwezi, ya kulipwa, alfajiri wakati zamu ya usiku inatoka na ya mchana inaingia. Tupe chumba kimoja kisichohitaji kadi, chenye meza na jiko la kupashia chakula. Na idara ya utumishi ibandike habari za msiba kwenye ubao wa kila chumba cha mapumziko siku ile ile, kwa lugha ambazo watu wa chumba hicho wanazisoma. Kiswahili nitatafsiri mimi, bila malipo, hata saa nane za usiku.

Hilo la ubao naomba lisisubiri kikao.

Mjane wa mzee anaishi mwendo wa dakika kumi kutoka lango la mashariki. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tunakwenda kumpa pole, tumechelewa lakini tunakwenda. Mchango umekusanywa, wa usiku wamechanga kuliko wa mchana. Mwalimu wa kemia anaendesha gari, na kiti cha mbele hakina mtu. Tutakungoja langoni mpaka saa nne na robo.

Wako katika kazi,
Mfanyakazi wa ofisi ya mishahara, zamani zamu ya usiku, jengo la sayansi