Barua ya wazi kwa maprodyuza vijana: acheni kuisafisha ilimba, kaeni chini msikilize albamu ya Chibite

Marahaba wanangu. Najua mngeniamkia kwanza, basi tuseme tumeshaamkiana, niende moja kwa moja kwenye kilichoniudhi.

Juzi nilikuwa studio moja namsubiri mjukuu wangu amalize shughuli zake. Kijana aliyekaa kwenye mashine, mpole kweli na kazi yake anaijua, akaletewa rekodi ya ilimba, kile chombo cha vyuma cha Wagogo, iliyopigwa na mzee mmoja wa Kigogo. Rekodi safi kabisa. Akaisikiliza sekunde chache akasema "hii ina noizi", akafungua filta zake akaukata ule mvumo wote unaolia juu ya vyuma. Halafu akaona kuna sauti mbili tatu "hazijakaa", akazivuta zikalingana na kibodi. Akaweka biti chini yake, akaongeza makofi ya mashine, na faili akaliandika "asili 3". Jina la mzee halipo popote, na wenzake wote pale wakatikisa vichwa kwamba ngoma imekubali.

Sikusema kitu pale kwa sababu mwenye studio alikuwa na wateja wake, nikaona niandike, maana najua si yeye peke yake, ni nyie wengi, na wengi wenu mna nia nzuri tu.

Ule mvumo si noizi. Nasema tena, si noizi. Ilimba ni boksi la mbao, juu yake vimepangwa vyuma, na kwenye ilimba kubwa za Wagogo vinaweza kupita hamsini, na vingine havipigwi kabisa, vimewekwa ili viitike vyenyewe wenzao wakiguswa. Sasa kwenye boksi fundi anatoboa tundu, na tundu lile analifunika na utando unaotoka kwenye nyumba ya mayai ya buibui, kile kiduara cheupe mnachokiona kimenata ukutani kwenye nyumba za vijijini. Anaubandua taratibu usichanike, anaunatisha juu ya tundu, basi chuma kikilia ule utando unatetemeka na ndiyo mnapata ule mvumo. Ukichanika, fundi hasemi afadhali sasa ilimba imekuwa safi, anaondoka kwenda kutafuta buibui mwingine! Mtu amehangaika hivyo ili sauti ivume, halafu wewe unaitoa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Umefanya kama mtu aliyekamua nazi yote kwenye wali wa nazi akasema ameusafisha.

Na hilo la kuvuta sauti ndiyo linaniuma zaidi, kwa sababu nimelikuta zamani kabla hamjazaliwa. Nilifundisha kwaya shule za msingi kule Dodoma miaka mingi. Watoto wa Kigogo ukiwaacha uwanjani waimbe wenyewe wanagawana sauti bila kupangwa na mtu, mmoja anatoa, wengine wanaingia juu na chini yake, na zinakaa pamoja mpaka mwili unakusisimka. Ukiwaletea kinanda wanapotea. Nilikuwa nadhani kila mtu anajua sababu, kumbe wapi. Mwaka mmoja tukaenda mashindano, jaji akawakata alama watoto wangu eti wanaimba "flati", yaani chini ya sauti inayotakiwa. Binti mmoja wa darasa la sita akaniuliza tukiwa tunarudi, mwalimu, mbona bibi yangu anaimba hivihivi na watu wanakuja kutoka vijiji vingine kumsikiliza? Nikamwambia bibi yako yuko sahihi na jaji hajui. Sasa jaji yule alikuwa na kinanda tu, nyie mna mashine inayoweza kumsahihisha bibi wa watu hata akiwa kaburini.

Sikilizeni, nyie mnapenda namba, nawapa namba. Kibodi yenu imegawa oktavu, yaani do mpaka do ya juu yake, vipande 12 vinavyolingana, senti 100 kila kimoja, na senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya sauti, si hela. Muziki wa Kigogo hauendi hivyo, unafuata sauti zilizo ndani ya sauti yenyewe, zile ambazo uzi mmoja wa zeze ukipigwa unazitoa juu ya sauti yake kuu. Ile ya saba katika hizo inakaa karibu senti 31 chini ya kitufe chenu cha kibodi, ile ya tano inakaa kama senti 14 chini. Ndiyo maana mashine inakuonyesha rangi nyekundu. Mzee hajakosea, mashine imefundishwa muziki wa watu wengine. Ukimvuta senti 31 umeharibu mapatano kati ya sauti yake na chombo chake na sauti ya mwenzake, halafu mnashangaa mbona haisisimui, mnaongeza besi.

Basi dawa yenu ninayo, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Inaitwa Chibite, albamu ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliyoitoa mwaka 1996 kwa Real World, ile lebo ya Uingereza aliyoianzisha Peter Gabriel. Pembeni yake yupo mpwa wake Charles Zawose. Najua wengi wenu hamjaisikia, na wengine jina la Zawose mnalijua kwa sababu mmepita Bagamoyo mkaona kibao. Mimi naipenda albamu hii kuliko chochote kilichorekodiwa na Mtanzania, na nimesikia vingi.

Hukwe alizaliwa Doda, mkoa wa Dodoma, akakua kwenye mifugo na muziki wa nyumbani, na miaka ya 1960 akaitwa Dar es Salaam baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na kipaji chake. Baadaye akawa Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa, hicho ambacho leo ni TaSUBa, akafundisha, akazunguka dunia na zeze lake, watu wa nje wakamjua kuliko majirani. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Charles akafuata mwaka uliofuata. Kwa hiyo walipoimba Chibite hawakuwa na miaka mingi mbele yao, na sisi hatukujua.

Sasa ukiicheza, usitegemee biti ikupokee mlangoni. Vyombo ni vichache, unasikia mkono kwenye chuma na upinde kwenye uzi. Sauti ya Hukwe inaanza juu huko, asiyemjua anadhani ni mwanamke anaimba, halafu inateremka bila kukatika mpaka kifuani, inakwaruza, inanguruma, inapanda tena. Charles anaingia chini yake au pembeni yake na hapo ndipo naomba msimame, mrudishe nyuma, msikilize tena. Zile sauti mbili zikikutana kuna sauti ya tatu inatokea hewani ambayo hakuna aliyeiimba. Sauti hiyo haijatengenezwa na studio. Imetokea kwa sababu wameziacha sauti zikae mahali pake, zile senti 31 mnazozifuta ndimo inamoishi. Na mvumo wa ilimba upo wote, na wazungu wale na mitambo yao ya bei hawakuuondoa, walikuwa na akili ya kujua kwamba hicho ndicho walichoitiwa.

Usiisikilize kwenye spika ya simu. Tafuta hedifoni au spika ya maana, zima notifikesheni, anza wimbo wa kwanza malizia na wa mwisho, usiruke, usichanganye mpangilio. Mara ya kwanza utachoka katikati, ni kawaida, masikio yenu yamezoea kitu kibadilike kila baada ya muda mfupi. Huku mabadiliko yapo ila ni madogo, chuma kimoja kinaachwa, kingine kinaongezwa, pumzi inarefushwa. Isikilizeni tena kesho yake.

Mtaniuliza, kwa hiyo mama unatukataza kuchanganya? Hapana, sijakataza. Hukwe mwenyewe alichanganya. Mwaka 2002 ilitoka Assembly, kazi yake na Michael Brook, mpiga gitaa wa Canada, ina gitaa na mashine na kila kitu. Isikilizeni baada ya Chibite, sio kabla, msikie jinsi vitu vya umeme vilivyojipanga kumzunguka mzee badala ya mzee kukatwa vipande ili avizunguke vyenyewe. Mashine ndiyo imfuate mtu. Kama kibodi yako haikubaliani na ilimba, itune kibodi, programu zenu zote hizo zinaweza, nimeonyeshwa na mjukuu, ni dakika mbili tu.

Mengine nayasema kwa kifupi maana yanajulikana. Omba ruhusa kabla ya kukata kipande cha mtu. Andika makubaliano hata kama ni karatasi moja. Lipa. Kama aliyeimba amefariki, tafuta familia. Usiandike "asili ya kiafrika" mahali pa jina la mtu.

Lakini siwezi kuwalaumu nyie peke yenu, mmelelewa na nani? Angalieni shughuli zetu za kiserikali, tena sasa hivi mjini Dodoma kwenyewe. Wanaitwa kinamama wa Kigogo na ngoma zao za muheme, wanazibana mapajani wanapiga, na ngoma ile ina hesabu ngumu ambazo nyie kwenye mashine zenu mngehangaika nazo wiki nzima, na wanapigishwa saa ngapi? Wakati wageni wanatafuta viti! Mgeni rasmi akishuka kwenye gari emsii anashika maiki anasema "asanteni kinamama, tuwapigie makofi", katikati ya wimbo, na wanakaa kwenye jua mpaka mwisho kusubiri nauli. Watoto wakiona hivyo miaka yote watajifunza nini? Kwamba muziki huu ni wa kujazia nafasi. Redio zetu nazo unaweza kukaa siku nzima usikie zeze kwenye tangazo la mbegu tu. Halafu mzungu akija na mashine ya kurekodi tunashangaa kaona nini, na albamu yetu bora inakuwa na anuani ya Uingereza. Siwachukii waliorekodi, nawashukuru, bila wao tusingekuwa na Chibite. Nachukia kwamba hapa nyumbani hakukuwa na mtu aliyeharakisha kabla yao.

Na jambo jingine ambalo vijana wa kike mnisikilize. Kwa mila, zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume, wanawake wanaimba na kupiga muheme. Pendo, binti yake Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wamekaa miaka wanaitikia nyuma ya wanaume kwenye kundi la familia. Mwaka 2024 wametoka mbele wenyewe, wanajiita The Zawose Queens, albamu yao inaitwa Maisha. Nilipoisikia nililia, sioni aibu kusema. Sauti zile ni za ukoo uleule, mvumo upo, na muheme umewekwa mbele unapostahili kuwa. Mabinti mnaoambiwa studio ni za wanaume, anzeni na hii hata kabla ya Chibite, nawaruhusu.

Kazi ninayowapa ni hii, na msiichukulie kama stori za mwalimu mstaafu. Wengi wenu mna babu au jirani wa babu kule Chamwino, Mvumi, Mpwapwa, Bahi, Kongwa, anapiga zeze au ilimba au anazijua nyimbo za kuchezea muheme. Likizo hii nendeni. Simu yako inatosha, iweke juu ya kitu kisichotikisika, mbali kidogo na chombo, zima kila kitu kinachojidai kupunguza kelele. Mwache apige mpaka amalize mwenyewe, hata kama ni dakika ishirini, usimwoneshe mkono wa kusimama. Akimaliza muulize jina lake kamili, kijiji, wimbo ni wa shughuli gani, nani alimfundisha, nani alitengeneza chombo, na hayo yote ayaseme kwa sauti yake kwenye rekodi hiyohiyo ili yasije yakatengana nayo. Muulize pia kama anataka isikike nje au ibaki ya familia, na akikataa, mheshimu. Fanya nakala mbili, moja mwachie mjukuu wake aliye karibu naye. Biti hiyo iacheni kwanza.