Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wa kwanza nje ya lami

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu walezi, wajumbe wa kamati na ndugu wanachama wote wa chama chetu cha baskeli hapa Unguja. Kwanza tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uhai na uzima tukakutana tena. Waliotutangulia mbele ya haki tunawaombea rehema, na wagonjwa wetu Mungu awape shifaa.

Shughuli za kawaida nitazipitia haraka, maana nyote mnazijua. Msafara wa Mapinduzi wa Januari ulifanyika na ulifana. Mafunzo ya ufundi mdogo (kutia viraka, kukaza spoku, kuunga cheni) yalifanyika. Ramadhani tulipumzika kama desturi yetu, tukarudi baada ya Idi. Sanduku la huduma ya kwanza limenunuliwa na liko kwa katibu. Kamati ilikutana kila ilipohitajika, ingawa mara nyengine tulikuwa watatu tu, na mmoja wa hao watatu daima ni mimi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana barazani na kwenye kundi la WhatsApp, na likasemwa kidogo sana mbele yangu. Nalo ni uamuzi wa kuzitoa safari zetu za Jumaapili kwenye barabara kuu na kuzipeleka njia za shamba, na fedha iliyotarajiwa kununua jezi kutumika kwa nguzo za namba za kuonyesha njia. Kuna waliosema mwenyekiti kaamua peke yake. Si kweli. Kikao kiliitwa, tangazo lilitoka wiki mbili kabla, na waliofika waliafiki. Asiyefika kikaoni hawezi kusema hakushirikishwa.

Sababu ya kwanza ni roho za watu. Barabara ya Bububu, Mahonda hadi Mkokotoni, kilomita 31, imejengwa upya na ni nzuri sana. Lakini lami nzuri imeleta mwendo ambao zamani haukuwepo. Daladala zinagombania abiria, gari za watalii zinawahi Nungwi, malori hayana pa kutupisha. Mwaka juzi wenzetu wawili walisukumwa nje ya barabara, mmoja akavunjika mtulinga na mpaka leo akipanda kilima anaushika. Mimi ndiye niliyekwenda kutoa habari kwa mama yake. Sitaki kwenda tena kwenye nyumba yoyote kwa shughuli hiyo.

Sababu ya pili ni njia zenyewe. Wapo wanaoziita njia za ng'ombe, na ni kweli gari za ng'ombe zinapita humo, tena wenye gari hizo ndio wenye haki ya kupita mwanzo. Ukiacha lami Mahonda, ukakata mashamba ya miwa kuelekea Kinyasini na Chaani, unaingia kwenye mabonde ya mpunga yaliyotengenezewa umwagiliaji kwa mkopo wa Korea Kusini. Pembeni ya mtaro mkuu wa zege pana tuta la kifusi kilichoshindiliwa, na asubuhi utasikia maji na cheni yako tu. Hakuna honi. Wanawake ambao mwaka mzima walikuwa wanatuaga Bububu na kurudi nyumbani, sasa wanakwenda nasi mpaka mwisho, na baadhi yao wanakuja na watoto wa skuli. Katika chama hiki hilo halikupata kutokea kabla ya uongozi huu.

Masharti ya wakulima nayasisitiza tena, kwa sababu tuko pale kwa hisani yao. Kwenye kuta za majaluba ya mpunga tunashuka na kukokota baskeli. Mvua ikinyesha usiku, bonde haliingiwi asubuhi yake, na masika yote tunakaa upande wa juu. Hii si adabu tu. Tairi likipita kwenye udongo mbichi linaacha mfuo, maji yanaufuata ule mfuo, na kabla hakujakucha tuta limekatika. Mpunga wa mtu wa chini unakosa maji, wa juu unazama. Nimekaa na masheha na kamati za wakulima, nimeyaeleza haya kwa mdomo wangu, na wameniamini. Atakayeyavunja atakuwa amevunja ahadi yangu.

Kuhusu mashimo ya mchanga ya Donge. Imesemwa kwamba tunawapeleka watu mashimoni. Ndugu zangu, mchanga uliotoka pale ndio uliomo kwenye matofali ya nyumba zetu. Ule ni mchanga wa ardhini, mawimbi hayaurudishi, ndiyo maana eneo lililokwisha kuchimbwa limebaki wazi, halilimiki. Lakini malori yaliyopita miaka na miaka yamezikandamiza njia zake zikawa ngumu kuliko nyengine zote tunazopita. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji masika, yangeyange wanatua, mivinje imeanza kuota kwenye kingo. Hatari ipo, nayo ni kingo: chini zimeliwa, juu zinaonekana nzima. Kwa hivyo njia tuliyoiwekea nguzo iko mbali na kingo zote, na mashimo yanayochimbwa bado hatuyakaribii kabisa.

Kutoka hapo tunateremka Bumbwini hadi mikoko ya Makoba. Hapa tunapanga kwa mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari inapanda juu ya njia, na baskeli iliyoingia maji ya chumvi isipooshwa siku ile ile, cheni na bolbering zake si za kutegemea tena. Wengi wamelijua hili kwa gharama zao, na ratiba iliyobandikwa ilikuwa inasema.

Wazo la nguzo nimelileta mimi na sioni sababu ya kulificha. Jimbo la Limburg nchini Ubelgiji lilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho huko, wa Zolder, ulifungwa 1992. Mwaka 1995 wakafungua mtandao wa njia za baskeli ambao kila njiapanda ina namba, na mwendeshaji anachohitaji ni kuandika namba zake kwenye kikaratasi na kuzifuata. Aliyeubuni ni mhandisi wa migodi, Hugo Bollen. Leo watu wanaendesha kando ya mifereji, kwenye maeneo ya migodi ya zamani, na pale Bokrijk tangu 2016 ipo njia inayokata bwawa katikati, mita 212, maji yako usawa wa macho kulia na kushoto. Ardhi iliyochimbwa ikaachwa imewaletea wageni na kazi. Sisi tuna mitaro, tuna mikoko na tuna mashimo. Hatuna bwawa la kukatwa katikati, wala sijaomba fedha ya kulijenga. Nimeomba nguzo.

Nguzo 38 za mvinje zimechimbiwa, chini zimepakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa, juu rangi ya buluu na namba nyeupe. Nimezisimamia mimi tangu kukatwa hadi kuchimbiwa, na petroli ya pikipiki yangu sikuidai. Nguzo namba 14 iling'olewa ikakutwa kwenye ua wa banda la mbuzi. Tulizungumza na mwenyewe kwa wema, akairudisha na kuishindilia mwenyewe, na sasa ndiye anayeiangalia.

Tuje kwenye hesabu. Mapato: baki ya mwaka jana 415,000, ada 732,000, wahisani 300,000, jumla shilingi 1,447,000. Matumizi: nguzo na rangi 570,000, usafiri wa nguzo 120,000, huduma ya kwanza 85,000, mafunzo, chai na viraka 210,000, mengineyo 96,500, jumla 1,081,500. Baki 365,500. Kwa wanaouliza jezi ziko wapi: bei tuliyopewa ni 25,000 kwa moja, na wanachama ni 71. Hiyo ni 1,775,000. Hata tusingechimbia nguzo moja, fedha hiyo haikuwepo.

Na haikuwepo kwa sababu hamlipi. Ada ni 2,000 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 26, waliolipa nusu 9, na 36 hawakutoa hata senti. Chama kinadai 972,000. Inaniuma kusema hivi mbele ya wageni, lakini baadhi ya sauti kubwa kuhusu jezi zinatoka katika hao 36. Mahudhurio nayo ni yale yale. Jumaapili tunakubaliana saa kumi na mbili na nusu asubuhi Bububu, watu 40 wanaandika "nipo" kwenye simu, wanaofika ni 10 au 12, na saa moja bado tunamngoja mtu anayetafuta pampu. Siku ya kuchimbia nguzo za Kinyasini tulikuwa sita. Wanakijiji waliotusaidia walikuwa wengi kuliko sisi.

Kwa wenye baskeli za mbio zenye tairi nyembamba, wanaosema wamefukuzwa: hakuna aliyefukuzwa. Wengi wa baskeli hizo zinapokea tairi pana kidogo, na upepo ukipunguzwa kidogo kokoto hazikurushi. Mafundi wetu wako tayari kuwasaidia, na wanaotaka kufanya mazoezi ya lami alfajiri hawajakatazwa, ila chama hakitaitisha msafara huko nikiwa mimi mwenyekiti.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, inshaallah, kuongeza nguzo upande wa Cheju kuelekea Chwaka, kupata ramani ndogo ya kuchapisha, na kuzungumza na ndugu zetu wa Pemba tuone kama mabonde ya kule yanaweza kupitika namna hii. Tunatarajia pia kupata mfadhili. Daftari la fedha liko mezani kwa mshika fedha pamoja na risiti zake, na kitabu cha ada kiko pembeni yake kwa atakayetaka kulipa kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti