Barua kwa mwanangu: kabla hujaniambia niombe uhamisho, njoo kwanza Ukara

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Meseji yako nimeipata, ile ya "mama omba uhamisho urudi, huko kisiwani utazeeka vibaya". Najua umeandika kwa upendo, na baba yako mdogo huko Marangu nae anasema hivohivo kila akipiga simu. Ila nataka nikujibu kwa kirefu leo maana netiweki imekaa vizuri na madaftari ya watoto nimeshamaliza kusahihisha.

Kwanza watu wanachanganya, wakisikia niko wilaya ya Ukerewe wanadhani nipo Nansio mjini, kwenye kisiwa kikubwa. Hapana, Ukara ni kisiwa kingine humuhumu Ziwa Victoria, ukishafika Nansio bado una safari ya barabara mpaka Bugolora alafu unavuka tena maji ndo unashuka Bwisya. Kisiwa chenyewe kidogo, kilomita za mraba kama 80 hivi, mawe makubwa kila upande, udongo wa kichanga, na watu wamejaa kweli, nyumba kwa nyumba shamba kwa shamba. Mtu wa kuja kama mimi akiangalia anajiuliza hawa wanakula nini miaka yote hii kwenye mchanga huu.

Jibu nimelipata kwa majirani taratibu, na ndo hasa ninachotaka ukielewe. Hapa hakuna kitu kisicho na mwenyewe. Shamba lina mwenyewe, mti una mwenyewe hata kama umesimama kwenye shamba la mtu mwingine, majani yanayodondoka chini ya ule mti yana mwenyewe, nyasi za kando ya maji zina mwenyewe, kuni ndo usiseme. Kwahiyo mgeni ukifika huwezi kujikatia tu kijiti cha kuegemeza nyanya, unauliza kwanza hiki cha nani, unaenda kwake unasalimia unaomba, na ukiomba unapewa. Mama jirani yangu hapa ndo alinifundisha, alinishika mkono akanizungusha akinionyesha mpaka unaishia wapi na mti huu wa ukoo gani, nikaona huyu mama ananipenda kweli maana bila hivo ningeishi na watu vibaya bila kujua.

Alafu ng'ombe. Wewe umekua unaona bibi yako anafuga ndani kihambani, kwenye shamba letu la migomba la nyumbani, tunakata majani tunabeba kichwani, kwahiyo utaelewa haraka. Wakara, wenyeji wa hapa, nao ng'ombe wanawafungia nyumbani ila wao wanachimba shimo, ng'ombe anasimama chini mle, analetewa majani ya miti na nyasi, yale anayobakiza anayakanyaga yanachanganyika na mavi na mkojo na shimo linajaa pole pole, baadae wanakomba wanabeba samadi shambani. Hizo nyasi zenyewe wanazipanda, wanachimba mashimo kule karibu na ziwa mpaka wanakaribia maji ndo wanapanda humo, yani mpaka ukame unakuja bado kuna kijani cha kukata. Na kwenye uwele wanapanda marejea katikati, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, uwele ukishavunwa marejea yanabaki yanaendelea kukua peke yake wakati wa kiangazi, mvua zikikaribia wanalima wanayafukia chini yanaoza yanakuwa mbolea. Alafu wanazungusha na njugu mawe. Hakuna mfuko wa mbolea ya dukani hapo mwanangu. Maafisa kilimo wa Kiingereza walishakuja kuyashangaa na kuyaandika haya tangu miaka ya 1930, na wenyewe Wakara walikuwa wanafanya zamani kabla yao.

Sasa wewe unasoma mambo ya mazingira hapo Dodoma, unafundishwa kilimo endelevu kwenye projekta, na huku kuna mzee hajui kusoma anakifanya kila siku kwa jembe la mkono. Mimi hilo linanigusa sana. Watoto wangu darasani wengine wanakuja wameshabeba majani ya ng'ombe alfajiri, anafika amechoka, siwezi kumgombeza mtoto wa hivo, nampa dakika zake apumue.

Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Mihogo imechukua nafasi kubwa siku hizi na uwele umepungua, vijana wanapenda ziwani kwenye sangara na dagaa kwasababu hela inaonekana haraka, na kubeba samadi ni kazi nzito kwahiyo mashimo mengine yamebaki matupu. Inaniuma maana mchanga huu ukiuacha bila kuulisha haukupi kitu, na wazee wakiondoka na ujuzi wao sijui nani atawarudishia hawa watoto. Ndo maana nimeanzisha kishamba cha shule, mzee mmoja anakuja kuwafundisha kufukia marejea na wanafunzi wanamsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Na lile la maji unaloliogopa, nalielewa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimeshakaribia kabisa gati la Bwisya, watu walikuwa wanatoka gulioni Bugolora, waliokufa ni 228 kwa hesabu ya serikali. Makaburi yako hapa, tunapita tunayaona, na kuna nyumba nyingi ambazo ukiingia lazima ujue unaongea nini na nani. Mimi msiba ule sikuwepo lakini nimejifunza kunyamaza na kusikiliza wanapotaka kuuzungumza. Watu waliopitia hilo na bado wananiletea njugu mawe na sato mlangoni nikiumwa, niwaache tu niseme nimeomba uhamisho kwasababu bando halishiki? Hapana mwanangu, bado sijamaliza kazi yangu hapa.

Kwahiyo chuo kikifunga njoo. Toka Mwanza panda meli ya Nansio, usipande mitumbwi ya watu hata wakikwambia inawahi, na kivuko ukikiona kimejaa subiri kinachofuata. Lala Nansio ili uvuke asubuhi, mchana upepo unaanza. Usiingie ziwani kuogelea, kichocho kipo kingi, maji ya kuoga nitakuchemshia. Niletee mbegu za mchicha na sukuma wiki, kalamu nyekundu za kutosha, na gauni refu usivae suruali siku ya kwanza tukienda kusalimia wazee. Ukifika Bugolora nipigie nije nikupokee gatini, mama jirani ameshasema atakupikia ugali wa muhogo na sato na hataki kusikia kwamba umeshiba.

Mama yako anayekupenda