Salamu za Idd kutoka Ngamiani, Tanga

Ndugu zangu, jamaa na majirani, assalamu alaykum.

Kwa niaba ya mama na sisi wanawe tulioko hapa Ngamiani, ninawapa mkono wa Idd el-Fitri, nikimwomba Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, awarehemu wale tuliofuturu nao mwaka jana na leo hatunao, na atujaalie kuufikia mwezi mwingine wa Ramadhani tukiwa na afya.

Ninaandika salamu hizi usiku, mwezi umekwisha kuandama, na kutoka chumbani ninasikia nazi ya nne ikikunwa. Mama amekaa juu ya mbuzi tangu alipomaliza kusali isha. Mchele wa pilau umechaguliwa, iliki imetwangwa, na unga wa maandazi umefunikwa kwa kanga kuukuu ili uumuke. Nyumba ya pili, cherehani ya jirani yetu haijanyamaza, maana wateja wa kanzu na madera huikumbuka Idd zikiwa zimebaki siku mbili. Kesho sote tutasema kwamba sikukuu imefana, na hapana atakayeuliza imefanywa na nani.

Ndipo ninapomkumbuka bibi, mzaa mama, aliyeanika mkonge katika shamba moja upande wa Muheza. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwa miche 62 tu iliyonusurika safarini, na likaja kuushika mkoa wetu mzima. Vibarua walioletwa kutoka mbali kwa mkataba, wale walioitwa manamba, wengi wao walikuwa wanaume, na siku zao za kazi ziliandikwa katika kadi ya kipande. Bibi alizipokea nyuzi mbichi zilizotoka korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, akazitandaza juu ya waya, akazigeuza jua lilipokaza na kuzikusanya jioni. Lakini kadi ilikuwa ya babu, na jasho la wawili likaingia katika jina moja. Mpaka anafariki, bibi alisema kwamba alikuwa "akimsaidia" mumewe tu.

Kadi yenye jina la mwanamke nayo ina historia yake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alivifuata vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam, akawahimiza wachukue kadi za TANU, chama kilichopigania uhuru, nao wakaitikia kwa wingi. Kiongozi huyo huyo alikamatwa mwaka 1969 kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa mwaka 1972.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliiagiza mahakama, inapogawa mali ya wanandoa walioachana, izingatie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Watu wakabishana: je, kupika, kufua na kulea ni kazi? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba ndiyo, kazi hizo ni mchango. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizokuwa amekwisha kupewa na mumewe alizitapanya. Kila nikiikumbuka hukumu hiyo huniingia furaha na uchungu kwa pamoja, kwani wake wengi wamekula matunda ya mti ambao aliyeupanda aliondoka mikono mitupu.

Sheria hiyo hiyo iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe. Mahakama Kuu ililikataa jambo hilo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Mwaka mmoja uliowekwa ili sheria irekebishwe ukapita bila marekebisho.

Ombi langu kwa akina kaka na akina baba, kwa heshima zote, ni kwamba mnapokwenda kuandikisha kiwanja au nyumba, jina la mke liandikwe pamoja na lenu, tena wakati mapenzi yangali matamu, maana kuliandika baada ya talaka ni kazi ya mawakili.

Kesho baada ya sala karibuni barazani kwetu. Chai ya maziwa na maandazi vitakuwa tayari, na watoto wasisahau kupitia mkono wao wa Idd. Zamu ya kuosha vyombo nimeiandika na kuibandika mlangoni pa jiko, na jina la kwanza ni la kaka yangu mkubwa, ambaye bado hajaiona.