Yai la bluu linakuonyesha mama tu, baba muulize muuzaji

Mhariri, salaam na pole na kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo la mayai ya rangi limenikaa rohoni na naona wafugaji wenzangu wanaendelea kulia kilio kilekile nilicholia mimi.

Mi nafuga kuku hapa Tengeru, Arusha, kienyeji tu miaka yote, mpaka mwaka juzi nilipoona mayai ya bluu na kijani kwa mfugaji mmoja, jina sitaji, nikapagawa. Akaniuzia trei moja ya kutotolesha kwa bei ya trei tano za kula, akaniapia kabisa kwamba hao ni Araucana halisi, aina ya kuku wa mayai ya bluu, na mitetea wote watakaototolewa watataga bluu. Mayai 12 nikamuwekea mtetea wangu aatamie, 18 nikaweka kwenye inkubeta nyuzi 37.5, nayageuza asubuhi mchana na jioni mpaka siku ya 18 ndo nikaacha. Siku ya 9 umeme ukakatika usiku, nikaifunika mashine kwa mablanketi mawili nikakaa pembeni mpaka alfajiri, kila saa napitisha mkono chini ya blanketi kuona kama bado kuna joto. Kuyapima kwa tochi nako shida, ganda la kijani halipitishi mwanga kama yale meupe ya kienyeji, wiki ya kwanza niliona giza tu. Siku ya 21 nikasikia vilio ndani ya maganda jamani, wakatoka 19, mitetea 10.

Nikalisha, nikachanja kideri, gumboro na ndui, baada ya miezi kama 6 tembe wakaanza kutaga. Watano wakatoa kijani na bluu, watano yai la rangi ya maziwa kama la kuku wa jirani! Kumpigia yule mtu akasema kosa ni chakula changu, eti ningewapa majani ya kutosha na madini wote wangetaga bluu. Huo ni uongo mhariri na ndo umenifanya niandike.

Rangi ya ganda iko kwenye damu ya kuku. Chakula kinabadilisha kiini, mpe majani na mahindi ya njano utaona kinavyokolea, lakini hakuna chakula kitakachomfanya kuku wa yai jeupe atage bluu. Araucana asili yao ni Chile, kwa Wamapuche ambao ni wenyeji wa huko, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba zamani sana kuna kirusi kilijichomeka kwenye vinasaba vya kuku kikabaki humo na ndo kinachofanya ganda lipate hiyo rangi. Siyo ugonjwa na mlaji hadhuriki. Rangi yenyewe ni ileile unayoiona mtu akijigonga mguu halafu damu iliyovilia inageuka kijani. Inaingia ganda zima, ukilipasua na ndani ni bluu, wakati la kahawia ndani ni jeupe kwa sababu kahawia inapakwa juujuu mwishoni kabla kuku hajataga, na kijani ni bluu iliyopakwa kahawia juu. Kwa hiyo wale wateja wa sokoni walionirudishia mayai wakisema nimeyatia rangi, naomba wapasue moja tu waangalie ndani.

Sasa kilichonitia hasara ni hiki. Yai unalonunua linakuonyesha mama yake tu! Ganda katengeneza mama, jogoo hana mkono hapo, ila kifaranga aliyemo ndani kachukua nusu ya damu kwa baba. Mama akiwa chotara na jogoo ni kienyeji wa kawaida basi tegemea kama nusu ya mitetea ndo watage bluu, na ndo yaliyonikuta mimi. Jogoo aliyerithi bluu kwa baba na kwa mama hata ukimpandisha na kienyeji wako wa yai jeupe, mabinti wote watataga bluu au kijani maana hiyo damu ina nguvu. Kwa hiyo ukienda kununua usishangae trei tu, omba kuonyeshwa jogoo, uliza katoka kwenye yai la rangi gani na mabinti zake wanataga nini. Na ukiona hao Araucana wana vile vishungi vya manyoya vinavyoota karibu na masikio usipandishe mwenye vishungi kwa mwenye vishungi, robo ya vifaranga watakufa ndani ya ganda, utalaumu mashine bure.

Wauzaji wa mayai ya kutotolesha nawaomba muwe mnasema ukweli wa jogoo kabla ya kupokea hela. Mtu anauza mbuzi kununua hiyo trei.

Mimi sijakata tamaa, nina jogoo wangu mmoja katoka kwenye yai la bluu na sijui bado kabeba nini, nimempandisha na wale kienyeji wa yai jeupe na leo mtetea ana siku ya 14 juu ya mayai 11. Mabinti zake wakianza kutaga ntaandika tena.

Mfugaji wa Tengeru,
Arusha