Kiuno kilikuwa kinalipa deni la mapaja

Mwenzangu wa siku nyingi,

Salamu tele. Mimi sijambo, na safari hii nasema sijambo bila kujikaza, maana unajua kile kiuno kilivyokuwa kinanitembeza kama mtu aliyedondosha sarafu.

Umeniuliza kama ni kweli nimeingia kwenye mambo ya "kujikunjakunja", ukamalizia kwamba wewe yoga huiwezi kwa kuwa viungo vimekakamaa. Nimecheka peke yangu. Siku yangu ya kwanza mwalimu alituambia tuiname tushike vidole vya miguu. Mikono yangu iligota chini kidogo ya magoti, ikabaki inaning'inia hapo huku mapaja yakitetemeka. Akanijia, akaniambia nikunje magoti kidogo. Basi! Papo hapo kiuno kikalegea.

Baadaye akanieleza sababu. Sisi tunaoshinda vitini, misuli ya nyuma ya mapaja hukaza. Ukiinama, inaishikilia nyonga isigeuke, hivyo mgongo wa chini hulazimika kujipinda zaidi ili ufike unakotaka. Kumbe miaka yote hiyo kiuno kilikuwa kinalipa deni la mapaja, nami nakisugua dawa ya kuchua kila usiku! Huu ni mwezi wangu wa 8 darasani, mara 3 kwa wiki, na juzi nimefunga kamba za viatu bila kutafuta pa kukaa. Wala si mimi tu ninayesema. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa mambo ya kujaribu kabla ya vidonge, kwa wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu.

Ila kuna mkao mmoja unaitwa mti, huo ndio ulionivunja kiburi. Unasimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili umeuegemeza kwenye paja la ndani, au chini ya goti kwa sisi wageni. Kwenye goti lenyewe usiweke. Mara ya kwanza sikufikisha sekunde 5. Ukiangalia kifundo cha mguu utaona kinachezacheza bila kukoma, misuli midogo inarekebisha, inarekebisha tena. Halafu fumba macho uone, utayumba kama mlevi. Kwa umri tunaoendea, mtu asiyeanguka ovyo ana utajiri.

Kuhusu pumzi sikuamini mpaka nilipojishika mkono kuhesabu mapigo. Ukitoa pumzi polepole, moyo nao hupunguza mwendo kidogo. Tukipumzika huwa tunavuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika; darasani tunashuka hadi 6 hivi. Wenye presha wengine huona nafuu kidogo wakidumu nayo, lakini tafadhali usije ukaacha vidonge vyako kwa sababu ya barua yangu.

Na ukimsikia mtu anakwambia yoga inatoa sumu mwilini, mwache apite. Ini na figo zipo kwa kazi hiyo. Tena yoga ya polepole haitoshi kwa moyo. Zile dakika 150 za mwendo wa kasi kwa wiki wanazozisema Shirika la Afya Duniani, mimi nazitembea kwa miguu.

Nikwambie na aibu yangu. Mwezi wangu wa pili darasani nilimwona jirani yangu wa mkeka amelaza kifua juu ya mapaja, nami nikajivuta nimfikie. Kitu kikakatika nyuma ya paja, wiki 3 nikachechemea. Kuvutika kunaruhusiwa, kuchoma hakuruhusiwa.

Kwako wewe kuna jambo moja. Uliniambia daktari anafuatilia presha ya macho yako. Basi mikao yote ya kuinamisha kichwa chini, achana nayo mpaka umuulize, maana huongeza presha hiyo. Mwambie na mwalimu kabla hamjaanza, asije akakusimamisha kwa kichwa siku ya kwanza.

Nikija mwezi ujao nitabeba mikeka miwili. Nitafutie tu sehemu ya sakafu isiyo na zulia linaloteleza, na ukuta wa kushika, kwa ajili ya ule mti.

Wako,
yule aliyekuwa anaokota vitu kwa mguu